Mtoto wa mgema kwenye kaunta ya meli

Baba yangu ni mgema. Kila alfajiri, hapa kwetu Kaloleni, huingia kwenye minazi yake akiwa na kotama kiunoni na kibuyu kikining'inia ubavuni. Hupanda, hulikata karara kipande chembamba kama ukucha ili tembo liendelee kudondoka, humimina lililokusanyika usiku, hushuka, huendea mnazi wa pili. Jioni huanza upya. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Utotoni nilikuwa nikiumia watu walipokuja mangweni, wakanywa, wakasifu, kisha wakamtupia methali ile ile: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baba hakucheka nao hata siku moja. Alikuwa akisema, "Langu lionjeni, mkipata maji msilipe," akaendelea kumimina.

Nimefanya kazi kwenye baa za meli za kitalii tangu 2015. Vijana wa huku nyumbani wanaponiuliza kazi hii ikoje, huwa naanza na baba, maana bila yeye nisingeielewa. Wengi wamejaziwa picha za watu wanaorusha chupa hewani na kupiga picha Barcelona. Chupa nimerusha, na Barcelona nimefika. Lakini kilichonitoa kwenye kubeba barafu kikanifikisha kwenye cheo cha batenda mkuu ni kuheshimu kipimo, na hilo nililiona mangweni kabla sijaijua bahari.

Shule ya kwanza ya kaunta ilikuwa Malindi. Nilimaliza cheti cha huduma za vyakula na vinywaji, nikaajiriwa kwenye hoteli ya ufukweni iliyojaa Waitaliano. Malindi, kama unavyoijua, Kiitaliano husikika sokoni na kwenye bodaboda. Nilijifunza kuvuta espreso isiyo chungu, nikajifunza kwamba Negroni ni sehemu tatu zilizo sawa, jin, Campari na vermuti nyekundu, na kwamba mzee wa Kiitaliano akikuona unakadiria kwa jicho hukurudishia glasi. Miaka mitatu pale ilinifaa kuliko cheti. Ukitaka meli, tafuta kwanza hoteli inayopokea wageni wengi, hata kama mshahara ni mdogo. Anayekusaili kwa ajili ya meli atakuuliza umehudumu wapi, muda gani, na vinywaji gani, na atajua mara moja kama unakisia.

Sasa niseme la uchungu. Mwaka 2014, kabla sijapanda meli yoyote, nililipa shilingi 120,000 kwa mtu aliyekuwa na ofisi nzuri mjini Mombasa, meza ya kioo na picha ya meli ukutani. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa ya ng'ombe wawili wa baba. Alinipa barua yenye muhuri, akaniambia nisubiri visa. Nilisubiri miezi minne. Nilipokwenda kuuliza, ofisi ilikuwa imefungwa na bawabu hakumjua. Baba hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Alikupimia nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuwa amenipimia chochote. Nilikuwa nimelipia maneno.

Nililojifunza baadaye nataka lifike kwa kila mtu aliye na karatasi mfukoni akingoja kuitwa. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, wa 2006, unaoitwa kwa kifupi MLC. Ulianza kufanya kazi Agosti 2013. Kenya iliuridhia 2014, Tanzania 2019. Unamlinda pia mhudumu wa baa, kwa maana mbele ya sheria anayefanya kazi melini ni baharia, awe anashika usukani au anashika trei. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Unachoweza kulipia wewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Visa ni juu ya mwenye meli. Kwa hiyo mtu akikwambia "lete elfu themanini za visa na nafasi," jua huyo si wakala. Kenya leseni za mawakala wa mabaharia hutolewa na KMA, Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, na makao yao yako hapa hapa Mombasa. Nenda kwa miguu yako ukaulize jina la kampuni kama liko kwao. Nauli ya matatu ni ndogo kuliko ng'ombe wawili.

Mafunzo ya usalama ni jambo jingine, hayo si utapeli. Kila anayekwenda baharini lazima apitie mafunzo ya msingi ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa nafsi na wenzako. Meli za abiria huongeza mafunzo ya kuongoza umati. Siku hizi Bandari Maritime Academy iko Mombasa na Tanzania kuna chuo cha bahari cha DMI jijini Dar es Salaam. Mafunzo ya kujiokoa na ya kuzima moto hurudiwa kila miaka mitano. Nilipofanya yangu nilikuwa naogopa maji, mtoto wa Pwani nisiyejua kuogelea, kwa sababu Kaloleni iko mbali na bahari. Mwalimu alinivalisha jaketi la kuokolea, akaniambia nivuke mikono kifuani, niangalie mbele, niruke. Niliruka.

Wakala wa pili alikuwa wa kweli. Hakuniomba pesa. Alinifanyia usaili wa Kiingereza, akaniunganisha na msaili wa kampuni kwa video, nikaulizwa nitamfanyaje mgeni anayedai kinywaji chake si sahihi. Nikaenda Nairobi kwa visa ya Marekani ya mabaharia, C1/D, nikachanjwa homa ya manjano, nikapimwa damu, macho na mapafu. Mwezi wa sita 2015 nikatua Miami na begi moja na viatu vyeusi visivyoteleza.

Cheo changu kilikuwa msaidizi wa baa, kule husema yutiliti. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu walikuja wakiwa mabatenda wa hoteli na sasa wanabeba kreti. Kazi ya yutiliti ni kupanda na kushuka. Barafu, glasi, matunda, makopo, takataka za chupa, barafu tena. Meli huwa na njia ndefu chini kabisa inayokata kutoka mbele hadi nyuma, na kwenye meli nyingi mabaharia huiita I-95, kwa jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Nilikuwa nikiipita hiyo njia mara thelathini kwa siku nikisukuma toroli. Kitanda changu kilikuwa cha juu, kwenye chumba cha watu wawili kisicho na dirisha. Mwenzangu alitoka Kerala, India, mpole sana, na kwa kuwa yeye alikuwa zamu ya asubuhi na mimi ya usiku, kuna wiki tuliwasiliana kwa vikaratasi tu.

Mshahara wa mkataba huo wa kwanza ulikuwa kama dola 800 kwa mwezi, na mkataba ulikuwa wa miezi minane bila siku moja ya mapumziko. Elewa vizuri hapo: kuna siku fupi na siku ndefu, lakini siku nzima ya kulala haipo. MLC inadai upate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Unaandikisha saa zako na kutia sahihi. Kuna wasimamizi watakaokuomba uandike saa chache za kazi ili karatasi ionekane safi. Usifanye hivyo. Mimi nilifanya mara mbili mwanzoni kwa woga, na mara ya pili nilisinzia nikiwa na kisu cha kukatia ndimu mkononi. Kovu liko kwenye kidole gumba cha kushoto.

Aliyenifunza kazi alikuwa batenda mkuu, Mfilipino wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa baharini tangu mimi niko darasa la pili. Wafilipino ni wengi sana kwenye meli hizi, na heshima wanayopewa wameifanyia kazi. Tulimwita Kuya, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao. Usiku mmoja tulikuwa tumeondoka Cozumel, Meksiko, baa imejaa watu safu nne, kila mmoja anapunga kadi. Batenda mmoja mgeni, kwa haraka, alichota barafu kwa glasi badala ya kijiko cha plastiki. Glasi ikapasuka ukingoni, kipande kikaanguka ndani ya pipa la barafu. Vipande vya kioo kwenye barafu havionekani. Yule kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba amekiona na amekitoa.

Kuya hakujibu. Alichukua chupa ya grenadini, ile sharubati nyekundu, akaimwaga yote juu ya barafu mpaka pipa likawa jekundu kama limechinjiwa. Baada ya hapo hakuna mtu angeweza kuitumia hata akitaka. Tukachota barafu yote, tukamwaga maji ya moto, tukapangusa kwa kitambaa cheupe ili kioo kionekane, tukaosha, tukasuuza, tukatia dawa, nami nikatumwa kukimbilia barafu mpya sitaha nne chini. Baa ilisimama karibu dakika ishirini, wageni wakinung'unika. Kipande alichosema amekitoa kilikuwa kimoja. Kwenye kitambaa tulikuta vingine viwili, kimoja kidogo kama punje ya mchele.

Nimesimama kwenye baa nyingi tangu usiku ule na sijawahi kuona somo kubwa kuliko hilo. Kuya angeweza kuendelea kuuza. Mauzo ya saa ile ni makubwa, na bakshishi zake zinatoka humo humo. Alichagua kusimamisha baa.

Usafi melini ni sheria nzito. Meli zinazoingia bandari za Marekani hukaguliwa na maafisa wa afya wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, bila taarifa, na hupewa alama juu ya 100. Ukipata 85 au chini, umeanguka, na matokeo huwekwa hadharani kila mtu asome. Mkaguzi akifika baa yako atagusa ukingo wa ndani wa mashine ya barafu, atapima joto la friji ya maziwa, atakuuliza wewe yutiliti, si meneja, dawa ya kuulia vijidudu unaichanganya kwa kiasi gani. Nilishuhudia meneja akitokwa jasho huku msichana wa Indonesia wa miezi miwili kazini akijibu kila kitu kwa utulivu. Alipandishwa cheo kabla ya mkataba kwisha.

Ngazi zenyewe, kwa wanaouliza, huanzia yutiliti, kisha mhudumu wa baa anayezunguka na trei, kisha batenda, batenda mkuu, meneja msaidizi, meneja wa baa, na juu kabisa mkuu wa vinywaji wa meli nzima. Majina hutofautiana kidogo kwa kampuni. Kwenye meli kubwa ngazi hiyo ni ndefu kweli. Icon of the Seas, iliyoanza safari 2024, hubeba wafanyakazi kama 2,350, na inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Huo ni mji mzima unaokunywa.

Trei nilipewa mkataba wa pili. Kwenye sitaha ya bwawa, jua la Karibiani, trei ya glasi kumi na mbili, na mgeni ambaye jana ulimhudumia anataka umkumbuke. Hapo ndipo pesa ilipo, kwa sababu bei ya kila kinywaji huongezwa malipo ya huduma, siku hizi asilimia 18 hadi 20 kwenye kampuni nyingi za Marekani, na wahudumu hupata fungu lao kutoka humo. Mimi niliweka kijidaftari cha mfukoni: "Mama wa kofia ya bluu, Cabin ya nyuma, chai ya barafu bila sukari, mjukuu anaogopa maji." Siku ya pili ukimletea kabla hajaomba, amekuwa wako safari nzima. Ataandika jina lako kwenye fomu ya maoni, na jina likitajwa mara nyingi meneja analiona. Hakuna ujanja mwingine ninaoujua. Mtu anayekumbuka watu atapanda.

Kuingia nyuma ya kaunta kulihitaji mtihani. Nilipewa orodha ya vinywaji mia na zaidi, vipimo vyake, glasi yake, pambo lake. Nilikariri nikisukuma toroli kwenye I-95: Daiquiri, ramu, ndimu, sukari, tikisa, Manhattan, wiski ya rai, vermuti tamu, matone ya bita, koroga usitikise. Ukikariri bila kuelewa unasahau wiki ijayo. Kuya alinifundisha nitazame kila kinywaji kama ukoo. Whiskey sour, Daiquiri na Margarita ni ndugu: pombe kali, kitu kichachu, kitu kitamu. Ukimjua mzazi, watoto hawakupotei. Siku ya mtihani niliulizwa ishirini na tano, nikakosa kimoja. Ilikuwa Januari 2018.

Na hapa narudi kwa baba. Batenda ana jiga mkononi, kile kikombe cha chuma chenye midomo miwili. Kipimo cha kawaida kwenye meli nyingi za Kimarekani ni aunsi moja na robo au moja na nusu, yaani mililita 37 au 44. Ni tofauti ya kijiko kimoja na nusu cha chai. Lakini kuna mgeni anayekusifu, anakuita rafiki, anakuachia noti ya dola ishirini chini ya kitambaa, na macho yake yanakuomba umwagie kidogo zaidi. Ukimwagia, unaiba chupa ya mwajiri ili ununue sifa. Kuna wengine hufanya kinyume, wanapunja glasi za walevi waliokwisha kupoteza ladha ili hesabu ya chupa ibaki sawa. Wote wawili hukamatwa. Hesabu ya vinywaji hufanywa mara kwa mara, mashine inajua umeuza nini, na chupa hupimwa. Nilimwona rafiki yangu wa karibu, kijana hodari kuliko mimi, akishushwa bandarini na begi lake kwa sababu ya kumwagia zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alisifiwa sana. Nilikaa kitandani usiku ule nikiifikiria ile methali niliyoichukia utotoni, na kwa mara ya kwanza niliielewa: walioitunga waliwajua watu.

Kuna kipimo kingine, cha kukataa. Mgeni aliyezidiwa lazima usimamishe kumhudumia, na lazima umkatalie asijisikie ametukanwa. Mimi humletea maji ya barafu yenye kipande cha tango, bila kuulizwa, nikamweleza kuhusu nyumbani kwetu, nikamwita msimamizi kwa jicho. Umri nao: meli zinazotoka Marekani ni miaka 21. Na kwako wewe mhudumu kuna kikomo pia. Kanuni za STCW zinaweka asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kampuni nyingine ziko chini ya hapo, na vipimo huja bila taarifa. Kazi ya kuuza pombe si ya mtu anayeipenda mno.

Kila mhudumu ana wajibu wa dharura. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Tangu 2015 sheria inataka abiria wafanyishwe zoezi la usalama kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kwa hiyo yule anayekutengenezea Mojito ndiye atakayekuelekeza boti gani uingie. Ishara ya dharura ni honi fupi saba na ndefu moja. Nikizisikia hata ndotoni nainuka.

Mwaka 2018 huo huo Kuya aliniruhusu niweke kinywaji changu kwenye ubao wa siku. Nikachagua Dawa, kile cha vodka, ndimu, sukari na asali kilichopata jina lake Nairobi, kwenye mkahawa wa Carnivore, kwa mfano wa caipirinha ya Brazil. Nilikata ndimu vipande vinane, nikamimina sukari, nikaponda taratibu ganda lisitoe uchungu, barafu iliyopondwa, kipimo kimoja na nusu cha vodka, kisha kijiti cha mbao nilichokizungushia asali nzito. Unampa mgeni akoroge mwenyewe. Kadiri anavyokoroga, asali inaachia, kinywaji kinabadilika kutoka kichachu kwenda kitamu mkononi mwake. Mama mmoja wa Texas akaniuliza jina lina maana gani. Nikamwambia. Akauliza inatibu nini. Nikamwambia nyumbani tunasema inatibu chochote ulichokuja nacho. Tuliuza sitini na nne jioni ile. Nilisikia fahari nisiyoweza kuieleza, kusikia watu wa mbali wakitamka "dawa" kwa midomo yao.

Kisha ikaja Machi 2020. Tarehe 14 CDC ilitoa amri ya kusimamisha safari, abiria wakashushwa, sisi tukabaki. Kenya ikafunga safari za ndege za kimataifa tarehe 25. Meli yetu ilitia nanga na nyingine nyingi, usiku taa zake zilikuwa kama mji usio na watu. Baa zote zimefungwa, chupa zimefunikwa. Tulipewa vyumba vya abiria, mara yangu ya kwanza kulala karibu na dirisha, na sikupata usingizi. Mshahara ulisimama. Nilifika nyumbani Agosti, nikamkuta baba ana maumivu ya goti, hawezi kupanda. Mwaka mmoja na miezi kadhaa niliipanda minazi yeye akinielekeza kutoka chini. Nilikuwa batenda wa meli ya kimataifa na sikujua kukata karara. Nililiharibu la kwanza, na la pili. La tatu likadondoka.

Kipindi hicho ndicho kilichonifundisha hesabu. Miezi minane ya mshahara lazima ilishe miezi kumi au kumi na moja, kwa sababu likizo haina malipo. Na mkataba mpya si ahadi, ni mwaliko. Siku hizi nikipokea, sehemu inakwenda sako, chama cha akiba na mikopo, kabla haijafika mfukoni, sehemu inakwenda kwa mke na watoto, na nimejinyima simu mpya kila mkataba. Nimejenga vyumba sita vya kupangisha Mariakani. Nimelipia pia masomo ya divai ya WSET, Level 2, wakati wa likizo, kwa kuwa niliona wanaopanda kuwa mameneja ni wale wanaoweza kueleza kwa nini divai hii ya Riesling ni tamu na ile si tamu. Vijana, wekeni pesa kwenye jambo hilo kabla ya viatu.

Si kila mtu ataikubali kazi hii, na hilo ni haki yao. Swahiba wangu wa Mji wa Kale, tuliyefanya naye mafunzo ya usalama, ni mtu wa dini yake. Alipopewa nafasi ya baa alikataa, akasema hawezi kulisha watoto kwa pombe. Akaomba idara ya usafi wa vyumba, akasubiri miezi mitano zaidi, akapata. Leo yeye ni msimamizi. Hajawahi kunihukumu, nami namheshimu kwa kungoja.

Wiki iliyopita, nikiwa nimebakiza siku tisa kuondoka, alikuja binti wa jirani, miaka ishirini na mbili, amemaliza chuo cha hoteli. Alikuwa na barua kwenye simu. "Kaka, wameniita melini." Nikaisoma. Anwani ya barua pepe ya bure, jina la kampuni limekosewa herufi, na ombi la shilingi 85,000 za visa kabla ya Ijumaa. Tulikaa chini ya mwembe, nikampigia mtu ninayemjua kwenye kazi hii, akathibitisha. Binti akalia kidogo, akafuta namba.

Kisha akasema, "Sasa nianze wapi?"

Niliingia ndani nikatoa trei yangu ya zamani ya duara, nikapanga glasi sita, nikazijaza maji mpaka ukingoni. Nikamwambia aibebe kwa kiganja cha kushoto, atoke jikoni, azunguke mwembe, apite kati ya kuku, arudi. Mzunguko wa kwanza nusu ya maji yalikuwa chini. Wa pili alikuwa anakwenda polepole, shingo imekakamaa, macho kwenye glasi, na maji yakamwagika zaidi.

Baba alikuwa kibarazani na goti lake limenyooshwa juu ya kigoda. Alikuwa ametazama muda wote bila kusema.

"Mwambie asiziangalie glasi," akasema. "Ukishuka mnazi na kibuyu kimejaa hukitazami kibuyu. Unatazama unakokwenda."

Nikajaza glasi tena.